Barua kwa mwanangu: andika ulivyo sa hivi

Mwanangu,

Meseji yako niliiona usiku nikasema nisijibu palepale, maana ningejibu harakaharaka alafu uanze kusema mama hanielewi. Unasema huwezi kuandika tena kama zamani, ukikaa inatoka mistari miwili mikavu unafuta, na sa hivi umeamua kusubiri mpaka ile hali irudi ndo uendelee. Mi naomba usisubiri.

Kwanza hiyo zamani unaikumbuka kwa kuipamba. Nilikuwepo mama, nilisoma yale madaftari. Ulikuwa unaandika sana kweli, ila ulikuwa hujui kizuri kinafananaje kwahiyo kila kitu chako kilikupendeza, leo umesoma vingi, jicho limekua mkono bado uko nyuma, ndo maana unajiona mbovu. Huko siyo kukauka hata kidogo.

Kafka si unamjua, yule wa Prague, mchana kazini kwenye bima usiku anaandika. Kwenye shajara yake ya Juni 1912 kuna siku kaandika tu kwamba hajaandika kitu, na kesho yake eti karibu hajaandika kitu. Basi, imeisha hiyo. Alafu Septemba mwaka huohuo, usiku wa tarehe 22, akakaa mezani saa nne akaja kunyanyuka saa kumi na mbili asubuhi na hadithi nzima imekamilika. Watu wanapenda kusimulia huo usiku, mi zile siku za Juni ndo zinanifurahisha zaidi, kwa sababu mtu hana kitu na bado kaishika kalamu akasema sina kitu, hakujifanya. (Sisemi alikuwa na raha, yule alijitesa sana, hapo usimuige.)

Sasa wewe raha unaitafuta kwenye kipande kirefu kinachosifiwa, na mi naona iko kwenye kupatia. Kama umechoka andika huo uchovu, lakini usiandike "nimechoka" ukaacha hapo, sema umechoka vipi, umekaa sehemu gani, ni kitu gani umeshindwa hata kunyoosha mkono kukichukua, ukishapata sentensi moja inayosema hasa ulivyochoka utashangaa unacheka peke yako. Ikiwa hali ya leo inatoa mistari miwili basi leo wewe ni wa mistari miwili. Kuna siku hata huna lako la kusema, hapo sikiliza watu wanavyobishana uandike maneno yao kama yalivyo, ama niandikie mimi kunilalamikia, nayo ni kuandika. Na kuhukumu usihukumu siku hiyohiyo jamani, acha kwanza, kesho utasoma ukiwa na akili nyingine, maana ukiandika huku unajikosoa sentensi ya pili haitoki kabisa, inaogopa.

Riwaya yako nayo iache ikae, haina deni na mtu.

Alafu hiyo mistari uliyofuta, kama bado iko kwenye simu nitumie. Usiirekebishe, nitajua. Baba yako pia anataka kuiona ila usitegemee maneno kutoka kwake, atakutumia kidole gumba tu kama kawaida yake.

Mama