Barua kwa Raya: titi, mizani na figo

Chake Chake, Pemba

Shoga yangu Raya,

Assalamu alaykum. Umeniuliza kwa nini wanawake wanaotibiwa mshituko wa moyo huishia vibaya kuliko wanaume. Umri una sehemu yake: mwanamke hupata mshituko wa kwanza akiwa mkubwa kwa miaka 7 hadi 10 hivi kuliko mwanamume, keshaandamwa na presha, kisukari na figo. Watafiti wakiyasawazisha hayo, pengo hupungua sana. Linalobaki, hasa kwa wanawake wa chini ya miaka 55, ndilo linaloniuma, maana ndani yake mna kuchelewa na dozi isiyopimwa, na hayo yamo mikononi mwetu.

Maumivu ya kifua ndiyo dalili kubwa kwa wote, lakini mwanamke mara nyingi huja pia na kichefuchefu, pumzi kukatika, taya au mgongo kuuma, jasho jembamba. Akianza kutaja kichefuchefu, huandikiwa dawa ya kiungulia, akakalishwa benchi. Mpimeni umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu aingie.

Na kipimo chenyewe kina pahala kinapoharibikia. Kwa kumsitiri, mtu huingiza mkono ndani ya baibui akabandika vibandiko vya waya kwa kukisia, au akabandika juu ya titi. Vuta pazia, awepo muuguzi mwanamke, mwombe bibi alinyanyue titi mwenyewe, kisha hesabu mbavu kwa kidole. V4, kibandiko cha nne cha kifuani, hukaa nafasi ya tano baina ya mbavu, chini ya katikati ya mtulinga. V5 na V6 hufuata usawa huohuo kuelekea kwapani. Vikipanda juu, mawimbi hubadilika umbo: utadhani moyo una kovu la zamani, au jeraha jipya likupite.

Troponini nayo, protini inayovuja kwenye damu moyo ukiumia. Kwa kipimo kimoja kinachonasa hata kiasi kidogo sana, mpaka wa mwanamke ni nanogramu 16 kwa lita, wa mwanamume 34. Ukitumia mpaka wa wanaume kwa wote, baadhi ya wanawake watarudishwa nyumbani na moyo ulioumia.

Sasa dozi, na hapa ndipo damu inapomwagika. Aspirini ni miligramu 300 atafune, mume kwa mke. Enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, ni miligramu 1 kwa kila kilo, kwa hiyo mpande mizani; uzito wa kukadiria kwa macho humzidishia mwanamke mdogo wa mwili. Kisha hesabu figo. Chukua bibi wa miaka 72, kilo 50, kreatinini (taka ya damu inayotolewa na figo) miligramu 1.4 kwa desilita. Toa 72 kwenye 140, zidisha kwa kilo, gawa kwa 72 mara kreatinini, halafu, kwa kuwa ni mwanamke, zidisha kwa 0.85. Utapata karibu mililita 29 kwa dakika, ndiyo kasi ya figo zake kusafisha damu. Mzee wa kiume wa umri huohuo, kreatinini hiyohiyo, kilo 80, anapata 54. Karatasi ya maabara inawaonyesha sawa, nao si sawa: bibi yuko chini ya 30, sindano yake ni mara moja kwa siku, si kila saa 12. Lakini hofu ya kuvuja damu isikufanye umnyime dawa kabisa. Hilo nalo linaua.

Akiwa kijana aliyejifungua karibuni, fikirieni ukuta wa mshipa wa moyo kuchanika kwa ndani. Kabla ya dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mpigieni daktari wa moyo.

Mkimvusha kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, barua ya rufaa iwe na uzito wake, hesabu ya figo, na saa kamili ya sindano ya mwisho ya enoksaparini. Bila saa hiyo anaweza kupigwa heparini, nayo ya kuzuia damu kuganda, juu yake, akavuja damu. Mwombeeni pia madaktari wa huko, wakimpitishia mpira wa kufikia moyo, waingie kwa mshipa wa mkononi, si wa pajani, ikiwezekana.

Niandikie kama mizani yenu inafanya kazi.

Wasalaam,
Shogaako Asha