Barua kwa Baba: bwana wa upepo aliyezikwa Richmond

Richmond, Virginia

Kwa Baba mpenzi,

Assalamu alaykum. Shikamoo Baba, na Mama mpe shikamoo yangu. Mimi sijambo, alhamdulillah, kazi inakwenda na baridi imepungua. Miwani yako nimempa mtu wa Malindi anayerudi Unguja mwezi ujao, atakuletea mpaka nyumbani.

Leo nataka nikuhadithie habari za mwanamaji mmoja aliyezikwa mji huu, kwa sababu kila nikimsoma nakukumbuka wewe. Anaitwa Matthew Fontaine Maury. Alizaliwa Virginia mwaka 1806, akakulia Tennessee, bara kabisa. Mwaka 1825 akaingia jeshi la majini la Marekani, akasafiri na manowari Vincennes ilipoizunguka dunia. Halafu mwaka 1839 gari la farasi likapinduka naye huko Ohio, mguu ukavunjika vibaya, kazi ya merikebuni ikamwishia. Mwaka 1842 wakampa ofisi Washington, atunze ramani na vyombo vya baharini.

Huko alikuta batli, yaani daftari za safari, za manowari za miaka mingi zimelundikana, hakuna anayezishughulikia. Baba, fikiri hazina ile! Kila siku ya safari mtu ameandika: tuko mahali fulani, upepo unatoka upande huu, mkondo unatuvutia kule. Maury na wasaidizi wake wakazichambua, kipande kwa kipande cha bahari na mwezi kwa mwezi, na mwaka 1847 akaanza kuchapisha ramani za pepo na mikondo. Nimeziangalia. Bahari imejaa njia za vyombo, na juu yake vialama vidogo kama brashi, vinaonyesha upepo ulikotoka.

Hakuwauzia manahodha ramani hizo. Aliyekubali kuandika habari za safari yake na kuzipeleka Washington alipewa bure, na kila aliyerudi aliwaongezea elimu wenziwe. Mwaka 1851 merikebu Flying Cloud ilitoka New York, ikazunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika, ikafika San Francisco kwa siku 89, safari iliyokuwa ikiwachukua wengi zaidi ya miezi minne. Aliyeshika hesabu za njia alikuwa mke wa nahodha, Eleanor Creesy, na ramani za Maury alikuwa nazo. Mwambie Mama habari hiyo! Mwaka 1853 nchi 10 zikakutana Brussels, zikakubaliana mabaharia wao waandike hali ya hewa kwa namna moja.

Sasa linaloniuma. Mtu huyu huyu alitaka wenye watumwa wa Marekani wahamie bonde la Amazon, Brazil, pamoja na watumwa wao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 aliacha cheo chake akaenda upande wa Kusini, wa wenye watumwa, akawatengenezea mabomu ya kutega majini. Waliposhindwa akaenda Mexico kwa Mfalme Maximilian, akijaribu kuwapatia wenzake makazi mapya. Alirudi Virginia kufundisha, akafariki mwaka 1873. Sanamu yake ilisimama hapa tangu 1929 mpaka mji ulipoiondoa mwaka 2020, na mimi naona walifanya haki. Sisi wa Unguja, wenye kwetu karibu na soko la watumwa la zamani, hatuhitaji kuelezwa. Elimu yake naipokea, lakini sanamu ya mtu aliyepigania utumwa siwezi kuitetea.

Kaburi lake nimelizuru. Liko makaburi ya Hollywood, kilimani juu ya mto James.

Baba, nina ombi. Wewe unajua kaskazi inavyoanza kunukia, tanga mbili, zile pepo za kigeugeu kati ya kaskazi na kusi, inavyowahadaa vijana, na mikondo ya bahari ya Pemba wakati wa kusi. Hayo yote yako kichwani mwako tu. Mdogo wangu akae nawe jioni baada ya Isha aandike, mwezi kwa mwezi, hata kama ni kurasa mbili. Daftari nimeliweka pamoja na miwani. Akimaliza anipigie picha kurasa zote anitumie, nitazichapa vizuri na kuwarudishia nakala.

Wasalaam,
Mwanao akupendaye