Mjomba, kabla ya bei ya shamba uliza habari za leseni

Mjomba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Jinja. Uliponipigia simu jioni ile ukiwa mwaloni, huku nyuma yako wanawake wakibishania bei ya mukene, dagaa wetu, uliniuliza jambo moja tu: shamba lako la Buyende litalipwa shilingi ngapi kinu cha nyuklia kikijengwa. Bei ina wathamini wake. Mimi ninakuandikia kuhusu swali ambalo hukuliuliza, nalo ni nani atakayekuwa na nguvu ya kuiambia serikali kwamba mahali hapo hapafai, au kwamba kinu kizimwe leo hii.

Serikali ya Uganda ilitangaza mwaka 2023 kwamba inakusudia kupata megawati 2,000 za umeme wa nyuklia huko Buyende, kando ya Ziwa Kyoga, 1,000 za kwanza ifikapo 2031. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya 2008 iliunda Baraza la Nishati ya Atomiki ili litoe leseni na kukagua, na hilo ni jema. Lakini Baraza hilo liko chini ya Wizara ya Nishati, na idara inayousukuma mradi imo katika wizara hiyo hiyo. Mkaguzi na mjenzi wanakula sahani moja.

Wenzetu walishayaona haya. Marekani ilikuwa na tume moja iliyoinadi nishati ya atomiki na kuisimamia pia, hadi sheria ya 1974 ilipoigawa. Japani ilichelewa zaidi, kwani msimamizi wake alikaa ndani ya wizara iliyoipigia debe nyuklia, na mamlaka inayojitegemea iliundwa 2012, mwaka mmoja baada ya maafa ya kituo cha nyuklia cha Fukushima. Pale vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima tetemeko lilipopiga. Lakini kinu kilichozimwa huendelea kutoa joto kwa siku nyingi na huhitaji maji ya kukipoza pamoja na umeme wa kuyasukuma, nao umeme wa gridi ulikuwa umekatika, kisha bahari ikazifunika jenereta za dizeli zilizowekwa chini.

Sasa itazame Kyoga, ambayo wewe unaijua kuliko mhandisi yeyote: kina chake ni mita chache tu, na mafunjo yake huhama. Aprili 2020 nilikiona kwa macho yangu kisiwa kinachoelea, kilichokatika kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, majani yake yakinizidi kimo, kimekwama kwenye bwawa la umeme la Nalubaale. Vipande vyake viliingia mitamboni na nchi nzima ikakosa umeme. Bwawa likiziba, sisi tunawasha mishumaa na kulalamika. Kinu cha nyuklia cha Buyende, kama kingekuwapo siku ile, kingepoteza umeme wa gridi papo hapo, na endapo mafunjo yangeziba pia mdomo wake wa kuvutia maji, kingebaki kinategemea jenereta zake na maji yaliyohifadhiwa. Hesabu hizo mdhibiti anapaswa kuzikagua kabla ya kuidhinisha eneo, si zege likishamwagwa.

Tena kuna ukubwa wa gridi yenyewe. Wahandisi hupendelea mtambo mmoja usizidi sehemu moja ya kumi ya gridi, ili ukizimika ghafla usiiangushe gridi nzima, nasi hata baada ya bwawa la Karuma kutuletea megawati 600 mwaka 2024 tuna takriban 2,000 kwa jumla, ambazo sehemu yake moja ya kumi ni 200 tu. Sina uadui na nyuklia, mjomba. Afrika Kusini imekiendesha kituo chake cha nyuklia cha Koeberg tangu 1984. Nina wasiwasi na mkaguzi anayemwogopa bosi wake.

Kwa hiyo wakija tena kufanya mkutano chini ya mwembe, waache wengine waulize fidia, watauliza tu. Wewe simama uulize Baraza limeidhinisha nini hadi leo kuhusu eneo hilo, ripoti yake inasomwa wapi na kwa lugha gani, na mkuu wake akisema hapana ni nani awezaye kumwondoa kazini. Majibu yaandike katika daftari lako la hesabu za samaki, kisha umwambie kijana anipigie picha ya ukurasa huo.

Mpwa wako, Jinja