Asante, mzee wa pale kwenye sanamu

Mzee uliyevaa kofia ya kijivu, Alhamisi mchana kwenye sanamu tatu za shaba za kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, pale Kenyatta Avenue, Nairobi, shikamoo na asante sana. Mimi nilitaka picha tu kabla ya safari ya Taveta. Wewe ukanisimamisha mbele ya mpagazi, yule asiye na bunduki, ukasema nianze na yeye. Kisha ukanichorea nyuma ya risiti vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, na pengo la katikati walikopigana Waingereza na Wajerumani usiku wa 11 Machi 1916, mwezi mmoja baada ya Waingereza kushindwa kwenye kilima cha Salaita.

Askari wana makaburi yao Taveta. Wapagazi wengi hawana hata jiwe, na hilo bado linaniuma.

Mchoro umenifikisha. Hukutaka chai wala kutaja jina. Tukikutana tena, chai nalipa mimi.