Wazazi tunarudi tena: harambee ya kuwapunguzia watoto wetu eksrei za moyo

Ndugu zetu na marafiki wote mliotuchangia mara ya kwanza, salamu. Tunajua mkiona jina la kikundi chetu mnajua tu huo ni mchango, na kweli ni mchango, tena tunaona haya maana mwaka haujaisha tangu mtuletee ile mashine ya ultrasaundi ya moyo, na inafanya kazi kila siku, Mungu awazidishie. Lakini mngekuwa na sisi pale hospitalini, mlangoni mwa chumba cha eksrei, wiki mbili zilizopita mngeelewa kwa nini tumerudi.

Kuna binti yetu mmoja kikundini, miaka 6, moyo wake una chumba kimoja tu cha kusukuma damu badala ya viwili. Watoto wa hivi hawapasuliwi mara moja yakaisha, ni hatua kwa hatua, na kabla ya hatua daktari anapitisha katheta, ule mrija mwembamba unaoingilia mshipa wa kinena au wa shingo mpaka ndani ya moyo, apime presha na oksijeni huko huko. Juzi ilikuwa mara yake ya 4. Mama yake akachungulia kabla mlango haujafungwa, akaona daktari kavaa aproni nzito ya risasi, ile metali inayozuia mionzi, nesi kavaa, shingoni nako wamejifunga kinga, mwingine yuko nyuma ya kioo, na katikati mtoto amelala kifua wazi maana hicho kifua ndo kinachopigwa eksrei. Akatugeukia akauliza, mbona wote wamejikinga isipokuwa mwanangu? Tulikaa kimya jamani, wazazi watu wazima hatuna jibu.

Tukaenda kuwauliza madaktari wenyewe, na hawa hawana kosa lolote. Eksrei ndo inayowaonyesha mrija umefika wapi, na njia ni hiyo hiyo tangu 1929, yule daktari Mjerumani Werner Forssmann alipojiingiza mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe akatembea nao hadi chumba cha eksrei kuona kama umefika moyoni. Shida ni kwamba sio picha moja ya kupiga na kwenda, ni video, na nyama ya moyo haionekani vizuri mpaka wamwage dawa maalum kwenye damu. Hatari ya mionzi ya safari moja ni ndogo, hatutaki kumtisha mtu, ila ya leo inakaa juu ya ile ya mwaka jana, na mtoto seli zake bado zinagawanyika haraka na ana miaka mingi mbele ambayo saratani inaweza kujitokeza.

Sasa njia nyingine ipo. Katheta inaweza kuongozwa kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ambayo inatumia sumaku na mawimbi ya redio, mionzi ya eksrei haimo kabisa, hakuna wa kuvaa risasi. Daktari anaona kuta za moyo na damu inavyopita, anapima kiasi cha damu kinachoenda kila pafu, na ncha ya katheta ina kiputo kidogo wanachokijaza gesi au dawa ili kionekane kwenye picha kinavyosogea. Sio ndoto, mwaka 2003 madaktari wa London waliandika kwenye jarida la Lancet kwamba wamewafanyia watoto na watu wazima, chumba kimoja kina eksrei upande huu na MRI upande ule, kitanda kinateleza katikati.

Hospitali inayotuhudumia MRI inayo tayari! Kinachokosekana ni vitu vya kuifanya iongoze katheta, na hapo ndipo hela inapohitajika. Sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ni kama mara 30,000 ya ile ya dunia, chuma cha kawaida kinaruka, na waya mrefu wa kawaida unaoongoza katheta unaweza kupata joto kutokana na mawimbi ya redio ukamuunguza mtoto kwa ndani. Kwa hiyo zinatakiwa waya maalum, mashine ya presha na ya nusukaputi zinazovumilia sumaku, skrini ya humo ndani, hedifoni zenye maiki maana MRI inapiga kelele kiasi kwamba daktari na nesi hawasikilizani, na mafunzo kwa timu nzima. Hatutawadanganya, kazi kama kuweka stenti, kile kijibomba cha kuufanya mshipa ubaki wazi, bado nyingi zitabaki kwenye eksrei. Lakini zile safari za kwenda kupima tu, kama hiyo ya juzi, ndo tunataka zihamie.

Makadirio yako kwa mweka hazina, ukitaka kuyaona omba utatumiwa. Hela inaingia akaunti ya kikundi, inatolewa kwa sahihi 3, risiti zote tutazipiga picha na kila aliyechanga atatumiwa. Kuna majina yaliahidi mara iliyopita mbele za watu na mpaka leo nafasi zao ziko wazi kwenye daftari, hatuwataji, wanajijua, na bado tunawahesabu kuwa wetu. Mwenye kidogo atoe kidogo, ile ultrasaundi ililetwa na vidogo vidogo hivo hivo.

Binti anarudi kwa katheta nyingine kabla ya oparesheni inayofuata, na timu inahitaji miezi ya kujifunza kabla ya hapo, ndo maana tunawahimiza sasa. Ukituma andika jina lako na neno MOYO, mweka hazina asihangaike kutafuta imetoka kwa nani.