Barua ya wazi kwa Kamishna wa Pac-12: chuo cha kumi kipimwe kwa ratiba

Kwako Bi. Teresa Gould,

Kwa heshima zote.

Julai 1, 2026 ndiyo tarehe iliyopangwa kwa Pac-12, ligi yako ya michezo ya vyuo vikuu vya Marekani iliyobakiwa na vyuo viwili mwaka 2024, kufikisha vyuo tisa. Lakini kimoja kati yao, Gonzaga, hakina timu ya futiboli ya Kimarekani, hivyo katika mchezo huo mna vinane, idadi ya chini kabisa ambayo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, inaikubali kwa ligi ya daraja lenu. Tunakuomba uongeze kimoja, na uanze kukipima kwenye ratiba kabla ya kuangalia idadi ya watazamaji wa televisheni.

Vyuo vinane vikikutana mara moja moja, kila kimoja kinacheza mechi saba: baadhi hupata nne nyumbani, wengine tatu. Hiyo moja inayokosekana ni mapato ya viingilio ya siku nzima. Vikiwa tisa, kila kimoja kina nne nyumbani na nne ugenini. Kwenye mpira wa kikapu, pamoja na Gonzaga, mnafika kumi: mechi 18 kwa kila timu, na hakuna anayekaa bila mpinzani.

Besiboli ndiyo inayotutia hofu zaidi. Boise State, Colorado State na Utah State hazina timu ya besiboli. Ukiacha timu zinazoalikwa kwa mchezo huo pekee, zinabaki sita: Oregon State, Washington State, Gonzaga, Fresno State, San Diego State na Texas State. Sita ndicho kiwango cha NCAA cha kumpa bingwa wa ligi tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa. Chuo kimoja kikifuta timu, tiketi iko mashakani. Mgeni asiye na besiboli hawasaidii hapo, hata awe na uwanja mkubwa namna gani wa futiboli.

Kisha safari. Timu ya voliboli inayokwenda Pullman, mji wa Washington State, inaweza kucheza na chuo hicho Alhamisi, ikapanda basi mwendo wa kilomita 120 hivi hadi Spokane, mji wa Gonzaga, ikacheza nacho Jumamosi. Tiketi moja ya ndege, mechi mbili. Texas State, iliyoko San Marcos, haina jirani: kila anayekwenda huko anaruka kwa mechi moja, na kutoka Pullman ni zaidi ya kilomita 2,400 na tofauti ya saa mbili. Wanafunzi hao wana mitihani.

Kwa vipimo hivyo vitatu, UTSA, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko San Antonio, inatangulia: ina futiboli, ina besiboli, na iko kilomita 80 hivi kutoka San Marcos. Septemba 2024, mlipoitafuta, ilichagua kubaki kwenye ligi yake, kama vyuo vya Memphis, Tulane na USF. Irudieni mkiwa na maandishi: mgawo wa televisheni kwa mwaka, na nani analipa ada ya kujitoa kwenye ligi ya sasa.

Pia ombeni hesabu za miaka mitano, mkitenganisha mapato ya michezo na ruzuku ya chuo na ada za wanafunzi. Idara inayoishi kwa ruzuku hukata michezo midogo kwanza. Washington State, ambako Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, ilipunguza riadha yake mwaka 2025 na kuacha mashindano ya kuruka na kurusha. Kwa hiyo mkataba wa mwanachama mpya utaje kwa majina michezo atakayoiendesha, na kwa miaka mingapi.

Wako katika michezo,
Wafuatiliaji wa michezo ya vyuo vikuu