Risala ya Wachangiaji Damu wa Hiari wa Kondele kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Chifu, wauguzi, wazazi na vijana wenzetu, hamjambo.

Karibu sana Kondele. Tunajua ratiba yako imejaa, ndiyo maana tunakushukuru kwa kufika mwenyewe badala ya kututumia mwakilishi, kama tulivyozoea.

Kikundi chetu kilianzishwa na vijana walioona damu ikiadimika kila shule zinapofungwa, kwa kuwa wanafunzi ndio tegemeo. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa mno. Tuna katiba, akaunti ya benki, hema moja, na viti vya plastiki vilivyoandikwa jina letu ili visipotelee matangani.

Mheshimiwa, watu wengi hujiondoa wenyewe kabla hawajapimwa, na hapo ndipo elimu yetu inapoanzia. Mwenye presha anayemeza dawa zake, kipimo cha siku hiyo kikiwa sawa, anachangia. Mwenye kisukari kilichodhibitiwa kwa chakula au vidonge, kisichomletea madhara mwilini, anachangia. Anayejidunga insulini hapana. Pumu iliyotulia si kizuizi, ila aliyebanwa kifua majuzi asubiri wiki mbili. Aliyeugua malaria amalize dozi na apone kabisa. Wa kifua kikuu husubiri miaka 2 baada ya kuthibitishwa kwamba amepona. Wajawazito na wanaonyonyesha wapumzike. Mgonjwa wa selimundu (sickle cell) hachangii, lakini ndugu yake mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu na si mgonjwa, anaweza, mradi damu yake isipewe mtoto mchanga wala mgonjwa wa selimundu. Jambo hili lina uzito kwetu huku, maana ugonjwa huo umo katika nyumba nyingi.

Upo pia uvumi kwamba inayotakiwa ni damu ya O tu. Ni kweli O hasi (isiyo na Rh) hukimbiliwa mama anapovuja damu na kundi lake halijajulikana, na wenye damu hasi kwetu ni wachache. Lakini mgonjwa wa B akipewa damu ya B, ile ya O inabaki kwa mgonjwa wa O, asiyeweza kupokea nyingine. Plazma, yaani maji ya damu, ya mtu wa AB nayo hufaa makundi yote. Isitoshe, damu hukaa siku 35 tu kwenye nyuzi 2 hadi 6, kwa hiyo ile inayokusanywa Juni 14, Siku ya Wachangiaji Damu Duniani, ambayo viongozi hutukumbuka, haifiki Agosti.

Sasa tuje kwenye kilio chetu. Himoglobini, kiini cha damu kinachobeba oksijeni, tunaipima kwa maji ya salfeti ya shaba yenye uzito mahususi (uzito ukilinganishwa na maji) wa 1.053, sawa na damu yenye himoglobini gramu 12.5 kwa desilita. Tone hudondoshwa kutoka urefu wa sentimita 1, na likizama ndani ya sekunde 15, mtu amefaulu. Kipimo chenyewe si kibaya, ila kinataka uangalizi. Mililita 30 huhudumia watu 25, kisha humwagwa. Yakiachwa wazi kwenye joto la Kisumu, maji hupungua kwa mvuke, yanayobaki huwa mazito, na tone la mtu mwenye damu ya kutosha huelea. Kiputo cha hewa ndani ya tone huleta kosa lilo hilo. Mtu anaambiwa hana damu, anarudi nyumbani na hofu, na jirani zake hawaji tena. Tena kipimo hiki hakitoi nambari. Kijana mwenye 12.3 na mama mwenye 8, anayestahili kupelekwa hospitali leo hii, wote tunawapa jibu moja: huwezi.

Tunaomba mashine ndogo ya kidijitali ya kupimia himoglobini, inayotumia betri. Mashine bila vibati vya kuwekea tone la damu ni pambo: kila mtu hutumia kimoja, na kopo likishafunguliwa muda wake hufupika, hasa likiingia unyevu. Kwa hiyo vibati na sindano za kutoboa kidole viwekwe kwenye bajeti ya kila robo mwaka. Tuongezee na mkanda mpana wa presha. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo, na akina mama wetu wanarudishwa bure.

Mgeni wetu wa mwaka jana aliahidi mashine hii hapa hapa, tukapiga makofi na picha zikapigwa. Barua zetu za kumkumbusha zilipokelewa vizuri na kugongwa muhuri. Aliyemtangulia alituletea fulana, na kama unavyoona, bado tunazivaa.

Mheshimiwa, kabla ya hotuba yako tunakuomba uwe wa kwanza kupimwa. Tone lako likielea, tuwie radhi: hatutaweza kukuambia kama tatizo ni damu yako au ni maji yetu.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya kamati.